Machozi Hayafiki Safu ya Tatu

Katika filamu nilikuwa nalia kwa jicho la kushoto. Si kwamba la pili lilikuwa bovu. Mpiga picha wetu alipenda kunikamata upande huo, na chozi linaloshuka pasipo na kamera ni maji yaliyomwagika tu. Kwa hiyo nililifundisha jicho langu kazi. Mwongozaji akisema "Tayari," lilijaa. Akisema "Sema," nilisema maneno yangu mawili matatu, na mwisho wa maneno hayo chozi lilidondoka, likapita shavuni bila haraka, nami nikaliacha lifike kidevuni kwa sababu nilishakatazwa kulifuta. Akisema "Kata," nilifuta na kuulizia chai.

Watu waliniita Mama Chozi. Nilicheza mama mkwe mkorofi anayejuta mwishoni, mama aliyetelekezwa, mama mwenye mtoto mgonjwa, na mara moja jambazi, lakini hata huyo jambazi walimtafutia mahali pa kulilia. Sokoni muuza vitunguu aliwahi kuniomba nisisimame karibu na meza yake, eti wateja wataona machozi yangu na kudhani vitunguu vyake ni vikali. Nilicheka mpaka nikashika meza ile ile aliyonikataza. Siku hizo nilikuwa mwepesi wa kucheka.

Siri ya machozi yale alikuwa nayo mtu mmoja tu, mume wangu, na yeye ndiye aliyekuwa siri yenyewe. Nilikuwa namuua. Nikiwa nasubiri kamera nilimfikiria amekufa: leo kwa gari, kesho kwa homa, keshokutwa kateleza bafuni. Nilijiletea habari, nikaingia chumbani, nikamkuta amelala, nikamfunika. Nilipoufikia uso wake jicho la kushoto lilikuwa limeshajaa. Njia hiyo haikunitupa hata siku moja. Nikirudi nyumbani na kope zimevimba, yeye alinitazama kutoka kwenye meza yake ya pasi na kuuliza, "Leo nimekufa na nini?"

"Nyoka."

"Mjini hapa? Katokea wapi?"

"Kaja ndani ya furushi la nguo chafu."

"Basi uwaambie nilikufa kazini. Na huyo nyoka nilimpiga pasi kwanza."

Alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa duka lake: meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka juu yake, bakuli la maji ya kunyunyiza, waya wa kutundikia uliokatiza kutoka dirisha hadi dirisha. Jioni mimi nilikaa ng'ambo ya meza, yeye kasimama kule, mswada wangu ameuegemeza kwenye bakuli la maji ili auone. Nilisema maneno yangu, naye alinisomea ya watu wengine wote. Alisoma vibaya ajabu. Muuaji, hakimu, mchumba, bibi kizee, wote walitoka kinywani mwake kwa sauti moja, ya mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa. "Nakupenda kuliko roho yangu, nukta." Hata nukta alizitamka. Mimi nilishindwa kuendelea kwa kucheka, yeye akaniambia nirudi nyuma kidogo, na wakati wote huo mikono yake ilikuwa haisimami.

Shati lilipokwisha kupigwa pasi alilifunga vifungo, akaligeuza kifudifudi, akalaza mkono mmoja mgongoni, kisha wa pili, akapandisha pindo, akakunja katikati, akaligeuza tena na kunyoosha ukosi kwa vidole viwili. Halafu alilipiga kofi ndogo mbili, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Binti yetu alikuwa ubavuni mwake tangu enzi za kupanda juu ya sanduku ili aifikie meza, akikunja leso za wateja kwa kumwiga. Wao kule, mimi huku. Ndivyo tulivyokaa mpaka sanduku likawa halihitajiki tena.

Alikufa kweli asubuhi moja ya kawaida, kwa moyo. Moyo nilishautumia katika filamu mbili.

Nyumba ilijaa watu. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia, na hao wa mbali walikuwa wameshaketi wananisubiri mimi niwaanzie. Nakuapia wengine walichagua kukaa upande wangu wa kushoto. Nami nilikwenda pale ninapochotea machozi siku zote. Nikaingia chumbani, nikamkuta, nikamfunika. Chumba kile nilikijua kuliko jiko langu, nilishaingia mno, na safari hii sikukuta kitu. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, ile ganzi ya daktari wa meno, unagusa shavu lako na kuona ni la jirani. Nilikaa. Watu wakajisafisha koo. Mwishowe mmoja wa jirani zetu aliona aibu kwa niaba yangu, akaanza yeye.

Wifi yangu hakungoja hata tuondoke makaburini vizuri. Alirudi nyumbani, akakaa mlangoni mwa jiko, akasema kwa sauti ya kutosha kila mtu, "Machozi ya kuuza anayo. Ya kaka yangu ndiyo hana."

Binti yangu alikuwa karibu yake ameshika sinia la vikombe. Aliniangalia. Alikuwa ananipa nafasi ya kumfanya shangazi yake mwongo, nililiona hilo wazi, na nafasi ile ikapita nikiwa nimekaa. Tangu siku hiyo hakuniita tena Mama. Adabu haikumpotea: asubuhi alisema "Shikamoo" na kuikatia hapo, mimi nikajibu "Marahaba," kila mtu akarudi kwenye kikombe chake. Yeye anafanya kazi mapokezi, zahanati, na sauti aliyonipa ndiyo ile anayowapa wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

Mara moja tu aliniuliza. Tulikuwa tunashusha waya wa kutundikia nguo, yeye ncha ile na mimi ncha hii.

"Ulikuwa unampenda?"

"Ndiyo."

"Sasa ile siku ilikuwaje?"

Nilitaka kumweleza. Lakini unaanzia wapi kumwambia mtoto kwamba baba yake ulimzika kazini mwaka baada ya mwaka, mpaka ukayamaliza machozi huko huko? Nilisema, "Hata mimi sijui, mwanangu." Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa bidhaa ileile aliyoagiza, akaukunja waya akauweka kabatini.

Machozi hayakurudi hata kwa kazi. Filamu iliyofuata nilikuwa mama anayeagana na mwanawe anayepelekwa gerezani. Tayari. Sema. Nikasema, na jicho likabaki kavu kama kigae. Wakaniletea kitunguu. Wakanipaka ile dawa ya mafua chini ya kope. Jicho likawa jekundu kama la mgomvi na halikutoa hata unyevu. Mwongozaji, tuliyezoeana miaka, akasema tupumzike tunywe chai, na tulipokuwa tunakunywa nikamwona kajitenga na simu yake, anaongea kwa mkono mdomoni. Sehemu ile alipewa mwingine. Baada yake hakuna aliyenipigia, na mimi sikumpigia mtu. Sikuumia. Nilijua nastahili kuumia, basi, kama unavyojua kwamba chai ni ya moto kwa kuona mvuke.

Halafu ikapigwa simu moja.

"Shikamoo mama. Nimesikia hukulia msibani kwako."

Nilidhani ni wale wale wa kunisema. "Marahaba. Na wewe umepiga unisaidie kulia?"

"Hapana. Naongoza tamthilia. Natafuta mwanamke asiyelia."

Huyo ndiye Kifimbo. Jina walimpa waigizaji wake kwa ajili ya kijiti anachotembea nacho, cha kugongea sakafu badala ya kupaza sauti. Ni msichana mdogo tu, umri wa binti yangu, mwenye macho ya mkaguzi. Ukumbi wake ulikuwa na viti vya mbao vinavyolia ukijigeuza, mapazia yenye harufu ya vumbi la zamani, na jukwaa lenye ubao mmoja uliobonyea ambao kila mtu aliuruka bila kuutazama. Jukwaani ilijengwa nusu ya nyumba: ukuta mmoja, mlango mmoja, dirisha moja, meza.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mume anakwenda kutafuta kazi mbali, na wote wawili wanajua hatarudi, ila hakuna anayesema. Mwishoni mke anabaki peke yake mezani, anakunja shati la mwisho. Mume anaingia mlangoni, analichukua, anatoka. Taa zinazimwa.

Mume alikuwa Mzee Radi. Maisha yake yote ameyamaliza jukwaani, hajawahi kusimama mbele ya kamera, na akikusalimia barabarani watu wa ng'ambo wanaitikia. Siku ya kwanza ya mazoezi nilisema maneno yangu kama nilivyozoea, kwa sauti ya kitandani, ya mto mmoja kwenda mto wa pili. Kijiti kikagonga kutoka viti vya nyuma.

"Mama, hayo unamwambia nani?"

"Mume wangu."

"Mimi sijasikia. Na mume wako naye hajasikia, anajifanya."

"Kweli nimejifanya," alisema Mzee Radi. Akanisogelea. "Sikiliza, mke wangu. Kule nyuma kabisa kuna mtu mmoja kila siku. Ana kikohozi na kaletwa na mkewe kwa nguvu. Wewe sema na huyo. Sisi wengine tutasikia tu."

"Nikipiga kelele nitakuwa kama debe tupu."

"Mimi ndilo debe lenyewe, na bado naitwa kazini."

Nikajifunza kusema na mwenye kikohozi. Nikajifunza kuuruka ubao uliobonyea. Jambo gumu lilikuwa kungoja. Kwenye filamu ukikosea kuna mtu anasema "Kata," vitu vyote vinarudishwa mahali pake, unaanza upya, na kosa lako linatupwa mahali usipopajua. Huku hakuna anayesema kitu. Ulilolitoa limetoka. Mazoea yana taabu: kila nilipomaliza kipande nilisimama kidogo, sikio limeinuka, na Kifimbo alikuwa ananiuliza nasubiri basi gani.

Ilipofika siku ya shati nikaona ni uungwana kumwambia mapema. "Kama hapa utataka chozi, mwanangu, mimi sina."

"La nini?" alisema. "Machozi hayafiki safu ya tatu. Safu ya tano hawaoni hata pua yako. Nipe mgongo."

Miaka yote kamera ilinifuata usoni, mgongo wangu haukuwahi kuombwa na mtu. Nikaugeuza kwenye viti, nikasimama mezani, nikakunja shati. Kijiti hakikugonga. Nikageuka kuona kama yupo.

"Nani kakufundisha kukunja hivyo?" aliuliza.

"Hakuna. Nakunja tu."

"Basi usibadilishe kitu."

Hilo halikunipa shida. Mtu wa filamu hafundishwi hilo. Kazini kwetu kulikuwa na dada mmoja kazi yake ni kuangalia tu: kikombe ulikishika kwa mkono upi, ulikunywa kabla ya neno gani, kwa sababu kipande kikirudiwa lazima mkono uwe ule ule. Nilikunja shati lile wiki baada ya wiki na halikupotoka hata kidole.

Alhamisi ya wiki ya onyesho la kwanza, binti yangu alisema, "Jumatatu nahama. Nimepata chumba karibu na kazini."

"Hata hapa ni karibu na kazini."

"Najua."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alikuwa anasuuza kikombe chake, akakipangusa, akakiweka kifudifudi kama anavyofanya kila siku. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Atatoka na imani ile ya shangazi yake, kwamba baba yake aliishi na mwanamke ambaye hakumpenda, na atakaa nayo, na siku moja atawasimulia wanawe. Na mimi sikuwa na neno la kumpa lenye uzito wa machozi niliyoshindwa kuyatoa mbele yake. Nilichukua tiketi nikaiweka karibu na kikombe.

"Jumapili alasiri. Kama utapenda."

Aliisoma pande zote mbili. "Nitakuja," alisema. "Watu wasije wakapata la kusema."

Jumapili asubuhi Kifimbo aliutazama mlango wa jukwaani, akasema umechoka. Fundi seremala, mtu mwema asiyejua kukataa, akaupaka rangi upya. Rangi ilikauka vizuri, na mlango ukakauka pamoja na fremu yake. Hakuna aliyeujaribu, kwa sababu mlango ule hutumika mara moja tu, mwishoni.

Ukumbi ulijaa kiasi. Nilichungulia kwenye pengo la pazia nikamwona binti yangu kachagua kiti cha nyuma karibu na njia ya kutokea, mkoba mapajani, kama aliyekuja kusubiri majibu ya vipimo. Mwenye kikohozi naye alikuwepo, Mzee Radi hakunidanganya. Tukaanza. Nilisema nikasikika, niliuruka ubao, tuligombana kidogo kuhusu ndoo kama tamthilia ilivyotaka, watu wakacheka palipotakiwa. Sikuwa na woga. Sikuwa na chochote.

Ikafika shati. Nikawapa mgongo. Nikafunga vifungo, nikaligeuza kifudifudi, nikalaza mkono mmoja, wa pili, pindo, katikati, nikageuza, ukosi kwa vidole viwili. Kofi mbili. Hapo ndipo mlango hufunguka.

Haukufunguka. Nyuma yake nilisikia msukumo, mdogo, wa bega. Kisha mwingine.

Nikangoja "Kata." Naijua aibu ya kusema hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: mwili wangu wote ulisimama kumsubiri mtu aseme kata, na mtu huyo hakuwepo, hayupo katika ukumbi wowote wa maigizo duniani. Kilichofuata sikukiamua. Mikono ilifanya inachofanya kipande kikirudiwa: ilirudisha vitu mahali pake. Nikalifungua shati, nikalitandaza kama lilivyokuwa, nikaanza upya. Kifudifudi, mkono, mkono, pindo. Kofi mbili. Mlango kimya. Nikalifungua tena.

Ningependa kusema kwamba nilimwona mume wangu. Sikumwona. Niliona shati, jeupe, lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Lakini viti viliacha kulia. Mwenye kikohozi alinyamaza. Na nilipokuwa nalaza mkono wa kwanza kwa mara ya tatu, nyuma kabisa, upande wa njia ya kutokea, mtu akaanza kulia. Si kilio cha kupendeza. Kilikuwa cha puani, cha mtu anayejizuia akashindwa. Nimesikia vilio vingi vya kazi maishani mwangu na hicho hakikuwa cha kazi. Sikugeuka. Nilikuwa nimeambiwa nitoe mgongo.

Kofi mbili. Dirishani kukatokea sanduku la safari, kisha mguu, kisha Mzee Radi mzima mzima.

"Mlango umevimba, mke wangu," alisema, kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

Watu walicheka, hata waliokuwa wanafuta macho. Alilichukua shati kwa mikono miwili, akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko tulivyokubaliana, akatoka tena kwa dirisha. Taa zikazimwa.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kifinyu, kioo kimoja, meza moja, na mashati na magauni ya tamthilia yametundikwa ukutani. Fundi alikuja kuomba radhi, rangi bado iko kwenye kucha zake. Kifimbo alikuja mbio akagonga kijiti kwenye fremu. "Mara tatu," alisema. "Na kesho mara tatu hivyo hivyo. Fundi, mlango usiuguse." Mzee Radi akauliza kama kesho naye aingie kwa dirisha, akasema magoti yake hayakusaini mkataba huo. Wakaondoka wakibishana.

Binti yangu alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Macho yamevimba yote mawili, si kama yangu ya zamani.

"Umekosea," alisema.

"Najua. Mlango ulikwama."

"Si mlango." Aliingia, akalichukua shati kutoka juu ya sanduku la Mzee Radi, akalishika tu. "Unakunja kama Baba. Kila kitu. Hata kofi zile. Lakini unaanza na mkono wa kushoto. Baba alikuwa anaanza na ule mwingine. Mara zote tatu umekosea pale pale."

Niliitazama mikono yangu. Nakwambia kweli, mpaka dakika ile sikujua kwamba nakunja kama yeye. Nilidhani nakunja tu. Nikajaribu kumkumbuka mezani, na nikamwona kwa jinsi nilivyomwona siku zote: shati katikati yetu, mswada kwenye bakuli, mkono wake unashuka upande huu, upande wangu wa kushoto.

"Wewe ulisimama ubavuni mwake," nilisema. "Mimi nilikuwa nakaa ng'ambo."

Alilitandaza shati mezani, kifudifudi. Akasimama upande wa kioo, mimi nikiwa upande wa mlango, meza katikati. Akalaza mkono wa kwanza, kwa upande wake, kama alivyofundishwa. Akauacha hapo. Akaniangalia, akauangalia ule mkono wa shati ulipolalia, akaona uko kushotoni kwangu.

"Jioni zote zile," alisema.

"Jioni zote zile."

Alikaa kwenye kiti cha Mzee Radi. Nami nikaona kwamba sasa naweza kusema, kwa kuwa lile gumu zaidi mikono ilishalisema bila kuniuliza.

"Unakumbuka nikirudi kutoka kazini alikuwa ananiuliza leo kafa na nini?"

"Nilikuwa nasikia. Nilijua ni utani wenu."

"Ulikuwa utani. Lakini pia ndivyo nilivyokuwa nalia. Nilimfikiria yeye. Kila filamu."

"Kila filamu?"

"Hata ile ya jambazi."

Kicheko kilimtoka kabla hajajua, kikageuka katikati ya njia kikawa kitu kingine, akajifuta kwa kiganja. "Kwa hiyo ile siku," alisema.

"Ile siku nilikwenda kuyachota machozi, nikakuta nimeshayamaliza."

Nje walikuwa wanafagia ukumbi, viti vinasukumwa. Kuna kitu kilianza kuuma, hapa, chini ya taya, upande mmoja tu. Ganzi ya meno ikitoka huanza hivyo hivyo, kwa sehemu ndogo, na unaishika kwa mkono ukiogopa isizidi na ukiogopa isiishe. Sikulia. Sitaki kudanganya. Niliumia, na nikafurahi kwamba naumia.

Yeye aliinuka, akalimaliza shati. Mkono wa pili, pindo, katikati, ukosi. Alipofika kwenye kofi alisita, akalisogeza kwangu juu ya meza, nikazipiga mimi, mbili. Akaliweka kwenye sanduku la Mzee Radi na kuning'iniza mkoba begani.

"Nguo zangu za kuhama bado sijazikunja, Mama," alisema.

Nikazima taa ya kioo, tukatoka.